Mpokeaji wa Mtaa Mzima

Siku Nusu Bei alipopata wazo lililokuja kumponza, shangazi yake alikuwa amekaa mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda, akisoma kwa sauti ujumbe wa simu uliokuwa ukimwarifu kwamba hayupo.

"Mpendwa mteja," alisoma, "tumefika kwako kukuletea mzigo wako lakini hukupatikana." Akainua uso akaitazama barabara, juu mpaka chini. Hapakuwa na kitu ila kuku wa jirani na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mashuka. Kisha akamgeukia mtoto wa kaka yake, aliyejilaza juu ya majora ya vitambaa akichokonoa meno. "Hebu nisaidie wewe mwenye macho mazima. Mimi nipo au sipo?"

"Upo, shangazi."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu juzi. Hujatoka hapo."

"Basi hawa wamefika kwa nani?"

Nusu Bei alikuwa ameacha kuchokonoa meno, na kwa watu wa aina yake hiyo ni dalili mbaya. Jina hilo alipewa na walimwengu. Kila alichowahi kuuza alikiuza nusu bei, na kila aliyenunua alifika nyumbani akakuta amepata nusu ya kitu: redio yenye ganda bila utumbo, jozi ya viatu vya mguu wa kushoto tu, kiwanja ambacho nusu yake ilikuwa mto. Alikuwa ameishi miji mingi na yote aliihama bila kuaga. Mlango wa shangazi yake ndio uliobaki duniani ambao ukigongwa naye hufunguliwa kwanza, maswali baadaye. Alilala chini ya meza ya kukatia nguo, alikula alichopewa, na kwa muda mrefu kidogo hakuwa amemdhulumu mtu yeyote. Ulimi ulikuwa unamwasha.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, na cherehani chake kilikuwa cha kukanyaga kwa miguu. Alikuwa amekikanyaga maisha yake yote, mpaka magoti yakagoma. Daktari alimwambia achague, magoti au cherehani, naye akamjibu kwamba cherehani ndicho kinachoyalisha hayo magoti. Ndipo akaambiwa kuna mota ndogo inayofungwa chini ya meza ya cherehani na kukizungusha yenyewe, fundi kazi yake ni kuongoza kitambaa tu. Akaiagiza kwa simu, akailipia yote, na tangu hapo akawa mtu asiyepatikana. Kila mara alipokaa kushona aliuinua mguu wake kwa mikono miwili, kama anayeinua ndoo, akauweka juu ya pedali, na baada ya pindo moja akaushusha vilevile. Wateja walianza kwenda kwa mafundi wengine. Mota isipofika, duka litafungwa, na shangazi alilijua hilo ingawa hakupenda kulisema.

Kampuni iliyopaswa kuileta ilikuwa na pikipiki zenye sanduku kubwa la manjano nyuma, na juu ya kila sanduku imeandikwa LEO NI LEO. Wahenga walimalizia kwamba asemaye kesho ni mwongo, na kampuni ililiheshimu sana neno hilo: haikuwahi kumwambia mtu kesho. Ilisema mzigo uko njiani. Ukipiga simu kuuliza ni njia gani hiyo, unawekewa muziki.

"Shangazi," alisema Nusu Bei, akiketi vizuri, "mtaa huu una watu wangapi ambao hawapo?"

Shangazi akaanza kuwataja, na kumbe nusu ya mtaa haikuwapo. Kinyozi hakuwapo, ingawa kibanda chake kilikuwa wazi kila siku na muziki unasikika mpaka barabara kuu. Mwalimu mstaafu hakuwapo. Mama Pacha mwenye watoto wawili wachanga, ambaye hata akitaka kutokuwapo hawezi, naye hakupatikana. Wapeleka mizigo walipiga simu mlio mmoja, wakakata, wakabonyeza kwamba mteja hayupo, wakaendelea na safari zao.

Mtu mwema angesikia habari hiyo akahuzunika. Nusu Bei alisikia akaona mizigo: sanduku juu ya sanduku, vitu vya watu vilivyokwisha lipiwa, vinazunguka mjini vikitafuta mtu wa kuvipokea. Akajiuliza kwa nini mtu huyo asiwe yeye.

Kesho yake alikwenda duka la rangi akarudi na kopo la mkopo, akaandika ubao kwa mwandiko wa madaha: KITUO CHA KUPOKELEA MIZIGO. BURE. SIRI YAKO NI SIRI YETU. Akautundika mlangoni kwa shangazi. Neno bure aliliweka kwa makusudi, kwa sababu mtu anayelipia huduma huuliza maswali, lakini mtu anayepewa bure huona haya hata kuuliza saa ngapi mnafunga. Na hilo neno siri alilichomeka kwa kubahatisha tu. Kumbe ndilo lililokuja kuvuta watu.

Maana mtaani, kama alivyogundua, wako wasiopata mizigo kwa sababu hawapatikani, na wako ambao roho zao zinaruka mzigo ukipatikana nyumbani kabla yao. Kinyozi aliingia wa kwanza, akatazama nyuma, akanong'ona kwamba ameagiza mafuta ya kuotesha nywele. Kichwa chake kiling'aa kama sahani iliyooshwa, na tangu afungue kibanda alikuwa akiwaambia wateja kwamba ananyoa upara kwa kupenda mwenyewe. Mwalimu mstaafu, ambaye hapakuwa na kikao mtaani asichosimama kulaani vijana wanaoteketeza fedha kwenye simu, alikuja jioni akiwa ameinamisha kofia. Ameagiza mkanda wa umeme wa kupunguza tumbo, akasema, kwa ajili ya utafiti. Mama Pacha ameagiza mapazia mengine juu ya mapazia ambayo mumewe hajamaliza kuyanung'unikia. Alipotoka tu, mume akaingia kwa mlango wa uani: yeye ameagiza viatu, na mkewe akija kuuliza, ni vya mtumba.

Nusu Bei aliwapokea wote kwa upole wa daktari. Hakucheka, hakushangaa. Aliwaelekeza wabadilishe anwani kwenye simu zao, waweke jina la kituo, waende wakalale. Na kwa kuwa wiki hiyo kampuni ilikuwa na punguzo kubwa la mwaka, aliwashauri wasione haya kuongeza na kingine.

Mwalimu ndiye pekee aliyetia shaka. Akamuuliza shangazi huyu kijana anamjua vipi. Shangazi akatoa pini mdomoni, akasema huyu ni mtoto wa kaka yake wa damu, na mzigo wa mtu ukipotea hapa wasimtafute yeye, waje kwake, kile pale cherehani wakichukue. Akarudisha pini mdomoni. Nusu Bei alisikia maneno hayo yakimchoma mahali fulani chini ya mbavu, lakini alikuwa mtu wa kuzoea maumivu ya aina hiyo, yalipita haraka.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mizigo ifike yote kwa mpigo Jumamosi, mchana huohuo pikapu ya kukodi isimame uani, na kabla ya jioni kituo kiwe kimehamia mji mwingine pamoja na siri za watu. Mota ya shangazi ataiacha juu ya meza. Hilo alikwisha jiapia. Mwizi naye ana mipaka yake, alijiambia, na akajisikia mtu mwenye dini kiasi.

Aliyebaki kumpata ni mpeleka mizigo wa eneo lile. Huyo mtaa ulimwita Helmeti, kwa sababu hapakuwa na aliyewahi kumwona bila hiyo helmeti kichwani. Alisema kampuni inawakata mshahara wakiivua kazini. Sauti yake ilitoka humo ndani kama ya mtu aliye kisimani, na kwa kila swali alikuwa na jibu moja: yeye hajui, yeye anafuata simu inavyosema. Nusu Bei alimpima kwa jicho la kitaalamu akaridhika. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuletewa mjinga mpaka mlangoni.

Siku ya kwanza Helmeti alikuja na boksi moja la ukubwa wa mkate.

"Hili la fundi cherehani," alisema. "Mota."

Nusu Bei alinyoosha mikono, kisha akairudisha. Akili yake ilikuwa imetangulia mbele. Mota ikifika leo, mtaa mzima utajua kituo kinafanya kazi. Kila mtu atakuja kukaa hapo mlangoni kusubiri chake, na Helmeti atakuwa analeta kimojakimoja, nao wanachukua kimojakimoja. Jumamosi atabaki na nini? Ubao na kopo la rangi. Nyuma ya pazia lililogawa chumba, cherehani cha shangazi kilikuwa kikienda kwa kusuasua, hatua chache, kimya, hatua chache.

"Rudi nalo," alisema kwa sauti ya chini. "Weka yote pamoja huko ghalani, niletee kwa mara moja Jumamosi. Kituo hakipokei rejareja."

"Na hii mota pia?"

"Na hiyo pia."

"Sasa hapa kwenye simu nibonyeze nini?"

Nusu Bei akatazama pazia. "Bonyeza mteja hakupatikana."

Helmeti akabonyeza. Dakika hiyo cherehani kilikuwa kimenyamaza, nacho kilikaa kimya kitambo kirefu kuliko kawaida, kisha kikaendelea. Simu ya shangazi ikalia ujumbe. Hakuusoma kwa sauti safari hii.

Ijumaa Helmeti alirudi, boksi tupu kubwa mkononi na dogo ndani yake. Akasema mizigo yote iko tayari ghalani, lakini ofisini wamemwambia kituo kinachopokea vitu vingi kwa mpigo lazima kisajiliwe sura. Mashine ya ofisini inatakiwa imzoee mpokeaji: akiwa ameshika boksi kubwa, akiwa ameshika dogo, mbele ya mlango, kando ya mlango, na kila picha nguo tofauti, ili kesho akibadilisha shati isije ikamkataa. Na baada ya kila picha aweke sahihi ya majaribio kwa kidole kwenye kioo cha simu.

"Mimi sijui," alimalizia Helmeti. "Ndivyo simu inavyosema."

Wewe msomaji umeshashtuka, najua. Lakini wewe hukuwa unapigwa picha. Nusu Bei alikuwa mtu mzuri wa sura na alilijua hilo kabla ya kujua kusoma, na miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa imemkataza kabisa kupigwa picha. Leo amepata ruhusa, tena ya ofisi. Isitoshe, hadithi ya mashine inayotakiwa kuzoea sura ni hadithi ambayo yeye mwenyewe angeibuni, na mtu huiamini haraka zaidi ile hadithi inayofanana na zake. Akaenda kwenye kamba ya nguo za wateja zilizokwisha shonwa. Akavaa shati la maua, akatabasamu na boksi. Akavaa kanzu, akatabasamu. Akavaa koti jipya la kijivu la Mwalimu, lenye vifungo vya shaba, akalishika boksi kubwa kifuani kama bwana harusi aliyeletewa zawadi. Sahihi zake zilikuwa na mikia mirefu, na kila aliyoiweka ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia.

"Zimeshafika ofisini?" aliuliza, akifunga vifungo.

"Mtandao unasumbua," alisema Helmeti. "Zitaenda zenyewe nikifika penye mtandao."

Hapo palikuwa na nafasi ya mwisho ya kushtuka. Lakini katika nchi yoyote yenye simu, hakuna binadamu anayebisha akiambiwa mtandao unasumbua.

Jumamosi asubuhi Nusu Bei aliamka kabla ya kuku wa jirani. Alifunga mkoba wake, akautia chini ya meza, akapanga nafasi ya mizigo ukutani, akasimama mlangoni kumsubiri Helmeti. Akasubiri. Jua lilipanda. Akajikuta anafanya alichoona wateja wote wa mtaa ule wakifanya: anatoka barabarani, anatazama huku, anatazama kule, anarudi ndani, anasikia mlio wa pikipiki, anatoka tena. Alipiga simu ya Helmeti. Haikupatikana. Kwa mara ya kwanza maishani alimkasirikia mtu kwa kutotimiza ahadi, na alikasirika kwa haki kabisa, kama raia mwema. Watu hawa hawana uaminifu, aliwaza. Mtu unapanga shughuli zako, unamsubiri, hata kukuarifu hakuarifu.

Ndipo simu zikaanza kulia. Ililia moja kwenye kibanda cha kinyozi, ikalia nyingine kwa Mama Pacha, ya tatu ndani kwa shangazi, kisha zikalia zote kwa pamoja mtaa mzima. Mtandao ulikuwa umeacha kusumbua.

Kinyozi alifika mbio, mfuko mtupu mkononi, uso umejaa furaha. Akaomba chake. Nusu Bei akamwambia bado, mizigo haijafika. Kinyozi akadhani ni utani, akamgeuzia simu. Nusu Bei akajiona mwenyewe ndani ya shati la maua, anatabasamu, na boksi mkononi. Chini yake: Mzigo wako umepokewa. Asante kwa kutuamini. Na chini ya hapo, sahihi yenye mkia mrefu.

Alikuwa bado anaitazama alipofika Mama Pacha na picha ya kanzu. Mume wa Mama Pacha akaja na picha nyingine, kila mmoja akashangaa kumwona mwenzake. Wakaja watu wa mtaa wa nyuma. Mwalimu alifika wa mwisho, kwa mwendo wake, akavaa miwani, akaitazama picha yake kwa utulivu mkubwa.

"Kwanza mzigo wangu," alisema. "Halafu tutazungumza habari ya hilo koti ulilovaa."

Nusu Bei akafungua kinywa akasema kweli. Alisema hajapokea kitu, boksi lilikuwa tupu, ametapeliwa. Lilikuwa neno la kweli tupu, halina chumvi, na ndiyo maana alilisema vibaya, kwa kigugumizi, kwa sababu hakuwa na mazoezi. Watu walimtazama kwa huruma, kama mwongo asiyejua kazi. Kinyozi akataka kujua basi huyo tapeli ni nani.

"Helmeti."

"Yukoje huyo?"

"Amevaa helmeti."

"Ndani ya helmeti yukoje?"

Kila mtu akajaribu kukumbuka, hata wale waliokuwa wamekasirika, na hapakuwa na aliyekumbuka hata pua. Mwalimu akapiga simu kwa kampuni, akaweka sauti juu wote wasikie. Baada ya muziki mrefu, msichana mmoja mwenye sauti ya asali akawaeleza kwamba kwenye kumbukumbu zao mizigo yote ya mtaa ule imepokewa na kusainiwa, na picha zinaonyesha wazi mteja ameridhika, anacheka. Wakiomba kuzungumza na mpeleka mizigo mwenyewe, samahani, tangu jana hapatikani.

Sasa hali ikachafuka. Mtu mmoja akakumbusha maneno ya mdhamini. Macho yote yakahama kutoka kwa Nusu Bei yakaenda kwenye pazia, lililokuwa limevutwa kando, na nyuma yake shangazi amekaa mbele ya cherehani chake, mikono juu ya mapaja. Hakukana. Alisema kwamba alisema, na alichosema amesema. Kinyozi, ambaye kila siku alimwamkia kwa heshima, akaingia akashika cherehani upande mmoja, akamwita mume wa Mama Pacha ashike upande wa pili.

Nusu Bei akaruka juu ya kigoda. Hakujua atasema nini, lakini ulimi wake ulijua.

"Ndugu zangu, hakiondoki kitu hapa bila utaratibu," alisema. "Kampuni italipa, lakini kampuni inataka ushahidi. Tutafanya wazi, mbele ya wote, asiwepo wa kudai zaidi ya alichoagiza. Kila mtu asimame hapa katikati, ataje jina lake na kitu alichoagiza, kwa sauti, wenzake wathibitishe. Tuanze na Mwalimu, kwa heshima ya umri."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Akasema yeye kwa kweli hapendi kujitanguliza, waanze vijana. Vijana walikuwa kinyozi. Kinyozi akapeleka mkono kichwani, akaushusha haraka, akaachia cherehani. Akasema chake kilikuwa kitu kidogo tu, si cha kumpotezea mtu muda. Mama Pacha akamtazama mumewe, mume akamtazama Mama Pacha, na kila mmoja akaanza kumuuliza mwenzake amefuata nini hapa. Waliondoka wakiulizana hivyo mpaka nyumbani. Mwalimu akasema jambo hili linahitaji busara na kwamba mali si kitu, utu ndio kitu. Watu wakaitikia kwamba ni kweli, utu ndio kitu, wakaondoka mmojammoja, tena haraka kuliko walivyokuja. Wa mtaa wa nyuma hawakusubiri hata kuaga.

Nusu Bei akabaki juu ya kigoda, chumba kimekuwa kitupu. Alikuwa amewaibia watu wote wale bila kupata kitu, na bado wameondoka wakimwogopa. Katika kazi yake ya miaka yote hakuwahi kushinda namna ile. Akashuka, anacheka peke yake, akageuka.

"Mimi niliagiza mota," alisema shangazi.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama walivyotakiwa wote waseme, wazi, kwa sauti, jina tu ndilo hakulitaja. Nusu Bei akaanza kumweleza kwamba huyo mhuni atapatikana, mota itatafutwa, yeye mwenyewe atakwenda mpaka ofisini kwao. Nje uani honi ikapiga. Dereva wa pikapu akaingiza kichwa dirishani, akauliza kama hapa ndipo kwa bosi anayehama leo, na mzigo wa kupakia uko wapi.

Shangazi akautazama mkoba chini ya meza. Halafu akamtazama mtoto wa kaka yake.

"Mota ilifika," alisema. "Nilikuwa hapa nyuma ya pazia. Nilimsikia akisema la fundi cherehani. Nikasikia akiuliza abonyeze nini."

"Shangazi..."

"Nikasema, mtoto wa kaka yangu ana sababu yake, siwezi kumwaibisha mbele ya mgeni. Ataniambia jioni. Nikangoja jioni. Nikangoja na Ijumaa."

Nusu Bei aliona aibu, aibu hasa, ile ya mtoto aliyekutwa na kidole ndani ya sukari, na hakuwa na pa kuificha. Dereva akauliza tena habari ya mzigo. Mlango wa uani ulikuwa wazi, pikapu inanguruma, na shangazi wala hakuwa ametazama upande huo. Alikuwa ameshachukua kitambaa cha kazi iliyobaki, sare za wanakwaya zilizotakiwa jioni, akakiweka chini ya sindano. Kisha akaushika mguu wake kwa mikono miwili, akauinua, akauweka juu ya pedali. Ukateleza. Akauinua tena.

Nusu Bei alimwambia dereva aende. Akavua viatu, akapiga magoti, akaingia chini ya meza ya cherehani, akausukuma ule mguu pembeni taratibu, akaishika pedali kwa mikono yake miwili. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Gurudumu likazunguka, mkanda ukalia, na juu yake sindano ikaanza kupiga.

Kampuni ingali ikisema mota ilipokewa, tena kwa tabasamu. Wateja wa shangazi wamerudi, tena wengi, kwa kuwa kila mtu anataka kuja kuona. Wakiingia dukani hukuta nyayo mbili zimetokeza chini ya meza, wakiziamkia zinaitikia. Kinyozi alizicheka siku moja, sauti kutoka chini ikamuuliza mafuta yake yalikuwa ya aina gani, naye hajacheka tena. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile Nusu Bei alikanyaga kwa mikono mpaka viganja vikaota malengelenge, anangoja aambiwe neno, lolote, la kumtukana au la kumsamehe, na shangazi alishona pindo lote bila kufungua kinywa. Mwisho akainama kidogo upande wa meza.

"Hapa kuna kona," alisema. "Punguza."

Akapunguza.